Jinsi ya kumpata kaunsela anayeelewa mambo ya wanawake hapa Kenya: mwongozo kamili

Naandika hii manake malalamiko ni yale yale. Dada anajikaza, anatafuta namba, analipa, anakaa saa nzima mbele ya mtu asiyemjua, afu anatoka na neno moja tu: vumilia. Ama anaambiwa aombe zaidi. Ama anaulizwa kwanza yeye alimfanyia nini mume mpaka akapigwa. Bas, harudi tena kwa kaunsela yeyote, na shida anabaki nayo.

Wataalamu wapo. Kinachotuangusha ni kwamba tunachagua kwa picha nzuri na maneno matamu. Mtu akijiandika "mtaalamu wa masuala ya wanawake" hakuna laiseni ya aina hiyo nyuma yake, ni maneno yake mwenyewe. Wa ukweli unamjua kwa kumuuliza kuhusu shida YAKO wewe kabla hujatoa hata shilingi, na hiyo ndo kazi kubwa ya mwongozo huu.

Sheria na namba nilizoweka ni za Kenya. Ukiwa nchi nyingine hatua zinabaki zile zile ila bodi na simu za dharura utafute za kwenu.

## Kama ni dharura usianze na hatua ya 1

Umebakwa ama umelazimishwa: nenda hospitali leo, kaunsela baadaye. Dawa ya kuzuia HIV inatakiwa ianze ndani ya masaa 72, na mapema ndo bora, ya kuzuia mimba ndani ya masaa 120. Usioge kama unaweza kujizuia, nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, usiziweke kwenye plastiki manake zinapata unyevu na ushahidi unaharibika. Matibabu ni kwanza, polisi inaweza kufuata, hospitali haitakiwi kukurudisha ati ulete karatasi ya polisi kabla ya kukuhudumia. Nairobi kuna kituo cha Gender Violence Recovery Centre kilichoanzia Nairobi Women's Hospital, Mombasa kuna kituo cha aina hiyo ndani ya hospitali ya Coast General. Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Umejifungua majuzi na mambo yamebadilika ghafla: mama hapati usingizi usiku kadhaa na wala hasikii uchovu, anasikia sauti, anaamini mtoto si wake ama kuna watu wanataka kumdhuru. Hiyo si "baby blues", ile huzuni ya kawaida ya siku za mwanzo, na si majini ya kusubiri wikendi yatolewe. Mara nyingi huanza ndani ya wiki 2 za mwanzo na ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo. Mtu mzima akae naye, asiachwe peke yake na mtoto.

Unawaza kujiua: piga 1199 ya Kenya Red Cross, ni bure, ama nenda hospitali yoyote yenye kitengo cha dharura. Na kama ulikuwa unaogopa kusema kwa sababu zamani kujaribu kujiua kulikuwa kesi ya jela, jua kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai (Penal Code) kinakwenda kinyume na katiba. Sema, usaidiwe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari ama sehemu ya kuandika kwenye simu ambayo mwingine hawezi kuifungua
- Mahali pa kupigia simu pasipo na masikio, hata kama ni kwa jirani ama ndani ya gari lililosimama
- Bajeti ya ukweli ya mwezi, si ya matumaini
- Kadi ya bima kama unayo, na ujue mwenye kadi mkuu ni nani (hii ni muhimu, ntaeleza kwenye hatua ya 7)
- Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kama umejifungua karibuni
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na sindano ama vidonge vya kupanga uzazi
- Mtu mmoja unayemwamini anayejua unaenda wapi siku ya miadi

## Hatua ya 1: Andika shida yako kwa sentensi moja

Usiandike "nina stress". Andika kitu ambacho mtu akikisoma anajua aanzie wapi. Mfano: "Nimejifungua miezi 4 iliyopita, nalia kila siku na simpendi mtoto vile nilitarajia." Ama: "Mimba zimenitoka mara mbili na nashindwa kwenda baby shower ya mtu yeyote." Ama: "Nikilala na mume wangu nasikia maumivu mpaka nimeanza kumkwepa." Ama: "Nilikeketwa nikiwa mdogo na sasa niko karibu kuolewa."

Kwa nini ni lazima? Kwa sababu hizo sentensi nne zinahitaji watu wanne tofauti. Yule wa maumivu ya tendo anahitaji kaunsela anayejua mambo ya unyumba, na daktari wa wanawake, pengine na mtu wa mazoezi ya misuli ya nyonga. Aliyetokwa na mimba anahitaji mtu wa maombolezo. "Mambo ya wanawake" ni gunia kubwa, na ukienda nalo zima utapewa ushauri wa jumla.

Ukishindwa kuandika kwa sababu yote yamechanganyika, chagua lile linalokunyima usingizi wiki hii. Hayo mengine yatatoka yenyewe mbele ya safari.

Kwa waliojifungua ndani ya mwaka mmoja kuna kipimo cha maswali 10 kinaitwa Edinburgh, kinauliza ulivyojisikia siku 7 zilizopita, na kipo cha Kiswahili. Mwombe nesi wa kliniki ya watoto akupe. Ukipata 13 kwenda juu kuna uwezekano mkubwa ni depresheni, na ukijibu ndiyo kwenye swali la mwisho, la kujidhuru, hata kama jumla yako ni ndogo ongea na mtu siku hiyo hiyo. Na usione aibu. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa ni hiyo depresheni.

Umefaulu kama: mtu asiyekujua akisoma sentensi yako anaelewa unataka kusaidiwa nini.

## Hatua ya 2: Pima mwili kwanza

Hii ni fupi ila watu wanairuka. Upungufu wa damu na tezi ya shingo (thairoidi) ikivurugika (na baada ya kujifungua huwa inavurugika kwa baadhi ya wanawake) vinaleta uchovu, kulia ovyo, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, yaani dalili zinazofanana kabisa na depresheni ama wasiwasi. Kama uko miaka ya 40 na hedhi imeanza kuruka ruka, joto usiku na hasira za ghafla zinaweza kuwa ni ukomo wa hedhi unakaribia. Mwombe daktari akupime damu na thairoidi. Majibu yakiwa mazuri haimaanishi unajifanya mgonjwa, inamaanisha sasa kaunsela anajua asiangalie huko.

## Hatua ya 3: Jua unamtafuta nani

Kaunsela anakusikiliza na kukusaidia kupanga mawazo, maombolezo, ndoa, maamuzi. Wengi wana diploma ama digrii ya ushauri nasaha.

Mwanasaikolojia wa kliniki amesoma zaidi, mara nyingi ana masta. Huyu anafaa ukiwa na kiwewe cha kubakwa ama kupigwa miaka, depresheni nzito, matatizo ya kula, wasiwasi unaokufungia ndani. Dawa hatoi.

Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa. Na kunyonyesha si sababu ya kumkwepa, kuna dawa za depresheni ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, yeye ndiye anayechagua ipi. Mwambie tu mapema kwamba unanyonyesha, na usiache dawa ghafla kwa sababu shangazi amesema zinaharibu maziwa.

Pasta, shekhe, somo ama mama mkubwa wa ukoo anaweza kukushika mkono kwa imani na mila na sina neno naye, wengi wamebebwa na hao. Ila yeye ana jukumu la kulinda ndoa, kanisa ama jina la familia, na kuna siku hayo na usalama wako havitaenda njia moja. Mtaalamu unayemtafuta hapa jukumu lake ni kwako.

"Life coach" na "relationship guru" wa mitandaoni si mtaalamu wa matibabu. Kama una kiwewe usiende kwake, hata awe na wafuasi wangapi.

Umefaulu kama: umeandika chini ya ile sentensi yako jina la aina ya mtaalamu.

## Hatua ya 4: Kusanya majina 3, si 1

Ukiwa na jina moja utamkubali kwa sababu umechoka kutafuta. Matatu yanakupa nguvu ya kusema hapana. Pa kuyapata:

Hospitali za serikali. Kenyatta ina idara ya afya ya akili, Mathari ipo Thika Road, Mombasa kuna Port Reitz na Coast General, na hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kliniki ya afya ya akili hata kama ni siku moja kwa wiki. Piga uulize siku ya kliniki, usitokee tu ukazungushwa. Foleni ni ndefu lakini bei ni ya chini sana ukilinganisha na binafsi.

Kliniki ya mama na mtoto. Nesi anayempima mtoto wako uzito anajua kaunsela yupi wa hapo hospitalini anaelewa mama aliyejifungua na yupi hana subira. Muulize akiwa peke yake, usimuulize foleni nzima ikisikia.

Kenya Counselling and Psychological Association. Hiki ni chama cha makaunsela na wanasaikolojia, na unaweza kuwauliza wanachama walio karibu na kwenu.

Mashirika ya wanawake. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wanajulikana kwa mambo ya sheria, lakini hawa na COVAW, shirika linalopinga ukatili dhidi ya wanawake, wamezoea kesi za wanawake waliopigwa na kunyanyaswa, na wanajua ni nani hatakuambia urudi ukaombe msamaha. Kama shida yako ina ukatili ndani, mimi ningeanzia hapa kabla ya Google.

Vyuo na vituo vya mafunzo ya ushauri. Wanafunzi wa mwisho wanafanya mazoezi chini ya msimamizi kwa bei nafuu. Kwa maombolezo, ukomo wa hedhi ama uamuzi wa maisha wanafaa. Kwa kiwewe kizito tafuta mzoefu.

Na kwa dada zetu walioko Saudia na Ghuba: saa ya Riyadh ni sawa na ya Nairobi, hivo kaunsela wa Kenya kwa njia ya simu anawezekana usiku ukimaliza kazi. Ila muulize wakala ama mwenzako kama simu inakaguliwa hapo nyumbani kabla hujaanza kusema mazito.

Tahadhari: usiweke shida yako yote kwenye grupu la WhatsApp ukiomba majina. Andika "natafuta kaunsela mwanamke Kisumu", bas. Skrinshoti zinatembea.

## Hatua ya 5: Hakikisha ameidhinishwa

Kenya ina sheria ya makaunsela na wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliyounda bodi ya kuwasajili. Mwombe namba yake ya usajili na jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, afu thibitisha na bodi ama na chama. Akiwa ni daktari wa magonjwa ya akili, tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, ina sehemu ya kutafuta jina la daktari na inaonyesha kama laiseni iko hai.

Sema hivi tu: "Naomba jina lako kamili na namba ya usajili, nathibitisha kabla ya miadi." Mtaalamu wa kweli hataudhika, wengine wanafurahi kabisa. Akikuambia "we njoo tu tutaongea", ama akakutumia cheti cha semina ya siku mbili, mfute kwenye orodha. Uangalie pia daraja la uanachama, mwanafunzi naye ana kadi ya chama, na kadi ya mwanafunzi si idhini ya kufanya kazi peke yake.

Umefaulu kama: umeona jina lake mahali ambapo hakuliandika yeye mwenyewe.

## Hatua ya 6: Simu ya dakika 10 (hapa ndo kila kitu)

Usiruke hii. Watu wanakaa miezi na mtu asiyewafaa kwa sababu waliona aibu kuuliza maswali machache. Anza na meseji:

*"Habari yako. Naitwa ___. Natafuta kaunsela wa kunisaidia, nimejifungua karibuni na siko sawa. Naomba dakika 10 za simu kabla sijaweka miadi. Naweza kuongea leo saa nane mchana. Tafadhali usinipigie kabla hujanitumia meseji."*

Hiyo sentensi ya mwisho iweke hata kama nyumbani kuko salama. Inakuonyesha mapema kama anafuata unachomuomba. Akipiga tu bila meseji, umeshajua kitu.

Akipatikana, uliza haya.

"Umewahi kufanya kazi na wanawake wenye shida kama hii? Huwa mnaanzaje?" Jibu zuri lina undani: anakuambia sesheni za kwanza anafanya nini, anatumia njia gani, kwa kawaida inachukua muda gani. Kwa depresheni ya baada ya kujifungua unaweza kusikia CBT, yaani kufanya kazi na mawazo na mazoea, ama IPT, ile inayoangalia mahusiano na mabadiliko ya maisha, zote zimefanyiwa utafiti na zinasaidia. Kwa kiwewe utasikia EMDR, tiba ya kumbukumbu mbaya inayotumia kusogeza macho, ama CBT ya kiwewe. Si lazima uzielewe, unasikiliza kama ANAWEZA kueleza kwa maneno ya kawaida. Jibu baya ni "mimi nashughulikia kila kitu" ama "wanawake wengi wanakuja, usijali".

"Kama mume ananipiga, tutaanza kwa kuja wote wawili?" Uliza hata kama hupigwi, hili swali linachuja kuliko yote. Jibu unalotaka ni hapana. Mtaalamu anayejua kazi anaanza na wewe peke yako, anauliza usalama wako kwanza, anakusaidia kupanga utakimbilia wapi na vitambulisho utaweka wapi. Kuwaweka mpigaji na mpigwa kwenye kochi moja ni hatari, manake utakayosema mle ndani unaweza kuyalipia mkifika nyumbani. Akisema "lazima nisikie pande zote mbili" mshukuru ukate simu.

"Ninayokuambia yanaenda wapi?" Akuambie ni siri, na akuambie pia mipaka: ukiwa kwenye hatari ya kujiua, kumdhuru mtu, ama mtoto ananyanyaswa, hapo atalazimika kuhusisha wengine. Anayekuahidi siri ya asilimia 100 bila mipaka ama hajui kazi ama anadanganya. Na ukimsikia anakuhadithia ya mteja mwingine, hata bila jina, yako pia atahadithia.

"Una msimamizi? Kazi ikikushinda utanituma kwa nani?" Makaunsela wazuri nao wana mtu wa kuwasimamia. Akiwa na jibu la haraka, jina la hospitali ama la daktari, hiyo ni dalili njema.

Swali lako la imani na mila. Hili usilifiche. Kama wewe ni Mwislamu wa Pwani na shida ni mume kaoa mke wa pili, ama uko ndani ya eda na huzuni imekulemea, muulize kama amewahi kukaa na mwanamke wa hali hiyo. Si lazima awe Mwislamu. Lazima asikushangae. Vivyo hivyo aliyekeketwa, aliyetoa mimba, asiyetaka kuzaa, anayependa wanawake wenzake. Msikilize anavyopumua baada ya swali. Ukisikia kimya kirefu afu mahubiri, endelea na jina la pili.

Bei, muda, lugha, na ukikosa miadi inakuwaje. Sesheni huwa dakika 50 hadi 60. Omba Kiswahili kama ndo lugha ya moyo wako, wengi wanasoma kwa Kiingereza wakadhani na wewe utalia kwa Kiingereza.

Je, lazima awe mwanamke? Si lazima, kuna wanaume wanaofanya hii kazi kwa heshima kubwa na kuna wanawake ndo wa kwanza kukuhukumu. Lakini kama uliumizwa na mwanaume na mwili wako unakataa kukaa chumba kimoja na mwanaume mlango ukiwa umefungwa, omba mwanamke na usijieleze kwa yeyote.

Umefaulu kama: baada ya kukata simu unahisi ulisikilizwa na umejibiwa angalau maswali manne kwa uwazi. Kumpenda si lazima.

## Hatua ya 7: Pesa na siri ya malipo

Nairobi kwa wa binafsi bei za shilingi 2,000 hadi 5,000 kwa sesheni ni za kawaida, na wapo wa juu zaidi. Uliza hivi: "Una bei ya mtu mwenye kipato kidogo?" Wengi wanayo na hawaitangazi. Bora uende kila baada ya wiki mbili kwa bei unayoimudu kuliko wiki tatu mfululizo afu unapotea kwa madeni.

Ukitumia SHA, bima ya afya ya serikali, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza dirisha la SHA la hospitali yenyewe kama huduma hiyo inalipiwa pale. Kila mtu mtaani ana jibu lake, la maana ni la dirishani.

Sasa hapa sikiliza vizuri, hasa wewe ambaye hutaki mtu nyumbani ajue. Kama bima ni ya kazini kwa mume, kampuni ya bima inaweza kumtumia yeye meseji kwamba kadi imetumika, mahali na kiasi. Piga simu bima uulize taarifa zinaenda namba gani kabla hujaitumia hiyo kadi.

M-Pesa nayo. Ukilipa kwa Till ama Paybill, jina la biashara linatokea kwenye meseji ya kuthibitisha. Ukiifuta meseji bado ipo kwenye statementi. Hivo kabla hujalipa uliza: "Nikilipa linatokea jina gani?" Kama ndani ya jina kuna neno linalokuchoma, lipa keshi ama mpe rafiki alipe. Namba yake isevu kwa jina la kawaida, "Mama Brian Nguo" hivi, lakini kumbuka kwenye simu yenye Truecaller jina lake halisi linaweza kutokea akipiga. Ndo maana tukasema meseji kwanza.

Tahadhari: kama mwenzako ni wa kupiga na anakagua simu, usianze kubadilisha paswedi ghafla, hiyo nayo inamshtua. Tumia simu ya rafiki, ama weka miadi siku ile ile ya kliniki ya mtoto, una sababu ya kutoka tayari.

## Hatua ya 8: Sesheni ya kwanza

Nenda na ile sentensi na orodha ya dawa. Utajaza fomu, utaulizwa historia, na pengine hutasikia nafuu yoyote, wengine wanatoka wamechoka kuliko walivyoingia. Hiyo ni kawaida. Jipe saa moja tupu baadaye kama unaweza, usirukie matatu ukaingie kazini ukiwa na macho mekundu.

Huna deni la kusimulia yote siku hiyo. Kama ulibakwa unaweza kusema "kuna jambo lilitokea, siko tayari kulieleza leo", na mtaalamu mzuri ataliacha hapo. Anayekusukuma useme kila kitu sesheni ya kwanza hajui kiwewe kinavyofanya kazi.

Mambo ambayo ukiyaona unatoka na hurudi: anakugusa bila ruhusa, anasifia mwili wako, anataka mkutane hotelini ama kwake, anajibu simu zake katikati, anakuuzia dawa za mitishamba ama mafuta ya upako, anakuambia ulijitakia. La kutongozwa na kushikwa shikwa usilinyamazie, liripoti kwa bodi. Andika tarehe na maneno aliyosema siku hiyo hiyo ukiwa bado unakumbuka.

Umefaulu kama: umetoka ukijua mtafanya nini sesheni ijayo, na lengo lenu limetajwa kwa maneno.

## Hatua ya 9: Baada ya sesheni 3, amua

Sesheni moja ni mapema kuhukumu (isipokuwa kwa yale ya hapo juu). Ya tatu ikiisha jiulize: ananielewa nikisema mara ya kwanza ama narudia rudia? Kuna kitu kimoja kidogo kimebadilika, usingizi, hamu ya kula, kuweza kumshika mtoto bila kulia? Nikimwambia hili halinisaidii, anabadilisha ama anajitetea? Waliojaza Edinburgh wajaze tena, namba zikishuka utaziona.

Depresheni haitoki kwa wiki tatu, usitarajie hivo. Unatafuta dalili kwamba mnaelekea mahali. Kama hali inashuka, huli, hulali, unawaza kifo, usingoje sesheni ya nne, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili sasa, na kaunsela unaweza kuendelea naye sambamba.

Ukiamua kubadilisha, hakuna ugomvi. Mtumie: *"Asante kwa muda wako. Nimeamua kuendelea na mtaalamu mwingine. Naomba ripoti fupi ya tulipofika, na ikiwezekana jina la mtu unayemwamini kwa shida hii."* Taarifa zako zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na una haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yako. Hiyo ripoti mpe mtu mpya kabla hamjakaa, ili usilazimike kuanza kusimulia yote upya kutoka mwanzo, afu rudi hatua ya 6 na jina la pili kwenye orodha yako.